Kumuuguza mbwa mzee uliyemchukua ukubwani wakati wa tiba ya saratani

Mbwa anayechukuliwa akiwa tayari mzee, ama kutoka makao ya wanyama ama kutoka mtaani alikokuwa akiishi kwa makombo, huja bila kadi wala historia. Hakuna ajuaye alichanjwa lini, alizaa mara ngapi, au ni magonjwa gani yaliyompitia bila kutibiwa. Kwa hiyo saratani inapogunduliwa katika mwili wa mbwa wa namna hii, mlezi wake hukabiliwa na kazi mbili kwa pamoja: kuutibu ugonjwa unaoonekana, na kuyafichua yale mengine yaliyojificha ambayo yanaweza kuivuruga tiba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mlezi aliyeko Afrika Mashariki, na kwa sehemu kubwa unafuata saratani moja inayowapata sana mbwa koko, yaani uvimbe wa zinaa ambao madaktari wa mifugo huuita TVT. Nimeuchagua kwa sababu ni ugonjwa ambao mbwa wengi huuawa kwa ajili yake ilhali kwa kawaida hupona.

Jua kwanza ni saratani gani

Watu wengi wakiambiwa kwamba mbwa wao mzee ana saratani humwomba daktari amdunge sindano ya kumwondolea mateso, na hawaulizi ni saratani ya aina gani wala imefikia wapi. Umri peke yake si sababu ya kukata tiba. Mbwa wa miaka kumi mwenye ini na figo zinazofanya kazi vizuri anaweza kuistahimili dawa kuliko mbwa wa miaka mitatu aliyejaa kupe na minyoo.

Uvimbe wa zinaa hauletwi na virusi wala bakteria. Seli zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, wanapolambana au wanaponusana sehemu za siri, kisha huota katika mwili mpya kama mche uliopandikizwa. Jambo hili lilithibitishwa zamani: mwaka 1876 daktari wa mifugo wa Kirusi aitwaye Novinsky alihamisha uvimbe kutoka mbwa hadi mbwa kwa makusudi, na baadaye uchunguzi wa jeni ukaonyesha kwamba seli zote za ugonjwa huu duniani zina asili ya mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Binadamu hawezi kuambukizwa, na ni vyema kulisema hilo mapema mbele ya majirani, kwa sababu hofu yao huweza kumletea mbwa madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni damu inayodondoka kutoka kwenye uume au uke. Kwa jike, damu hiyo huchukuliwa kuwa ya siku zake za joto, na kwa dume hudhaniwa kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Damu ya joto huisha baada ya wiki chache, lakini ya uvimbe haiishi. Ukitazama kwa makini utaona nyama nyekundu yenye vinundu, inayomeguka na kutoa damu ikiguswa. Uvimbe ukiota puani, mbwa hukoroma, hutokwa damu upande mmoja, na huenda uso ukavimba. Vilevile unaweza kuota mdomoni, kwenye ngozi au jichoni.

Uthibitisho ni kipimo rahisi: daktari hugusisha kipande chembamba cha kioo kwenye uvimbe au huvuta seli kwa sindano nyembamba, hupaka rangi, kisha hutazama kwa hadubini. Kliniki nyingi za miji mikubwa zinaweza kufanya hivyo. Zikishindwa, ziko hospitali za mafunzo za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na ya Makerere jijini Kampala. Usikubali tiba yoyote ya saratani kabla ya kipimo hiki, hata kama daktari ana uzoefu wa kuutambua uvimbe kwa macho.

Saratani nyingine zina njia zake. Uvimbe wa matiti, ambao huwapata sana majike wazee wasioondolewa kizazi, kwanza hukatwa kwa upasuaji, na takriban nusu yake huwa si saratani kali. Kuchechemea kwa mbwa mkubwa kusikokoma kunahitaji picha ya eksirei, kwa kuwa huenda ni saratani ya mfupa. Limfoma, yaani saratani ya matezi, hujitokeza kama matezi yaliyovimba chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, na hapo ndipo mlezi wa ukanda wetu anapaswa kuwa na tahadhari ya ziada, kwa sababu magonjwa yanayoenezwa na kupe na mbung'o pia huvimbisha matezi. Mbwa mwenye matezi makubwa asipewe prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kabla ya sampuli kuchukuliwa. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwa muda, ikaficha ugonjwa, na kama kweli ni limfoma, seli zake huzoea na kuwa sugu kwa dawa zitakazofuata.

Kabla ya sindano ya kwanza

Dawa kuu ya TVT ni vinkristini, ambayo hutokana na ua la vinka lenye asili ya Madagaska na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya saratani za binadamu. Hudungwa kwenye mshipa wa damu mara moja kwa wiki, na mbwa wengi hupona kwa sindano kati ya nne na nane. Dozi hupigwa hesabu kwa eneo la ngozi ya mwili, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita ya mraba. Mbwa wa kilo 15 ana takriban mita za mraba 0.6, hivyo anahitaji kama miligramu 0.3 hadi 0.4 tu. Nimezitaja tarakimu hizi ili uelewe kwa nini daktari anampima mbwa uzito kila wiki, si ili uipige hesabu hiyo mwenyewe. Katika dozi ndogo kiasi hicho, kosa la kukisia kilo tatu lina maana.

Kabla ya kuanza, omba picha kamili ya damu, vipimo vya ini na figo, na kipimo cha tone la damu kwenye kioo, chini ya hadubini, cha kutafuta vijidudu vya damu. Usikiruke hicho cha mwisho kwa sababu ya gharama. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikia, ugonjwa unaoweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili huku ukipunguza chembe za kugandisha damu, na vinkristini ikija juu yake, mbwa anaweza kudhoofika ghafla na lawama zote zikaiangukia dawa ya saratani. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida kwa wiki nne, na dawa hiyo hupewa pamoja na chakula ili isiunguze koo. Babesia, ugonjwa mwingine wa damu unaoenezwa na kupe, ina tiba yake. Uvimbe wa zinaa kwa kawaida hauendi kwa kasi ya kutisha, hivyo daktari akishauri muanze na vijidudu vya damu kwanza, huo si uzembe.

Kupe wenyewe waondolewe, lakini si kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa makadirio kwenye ndoo. Mbwa mzee mgonjwa anaweza kulewa sumu hiyo. Iko dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni na iko ya vidonge, na daktari atachagua inayofaa. Aivamektini ya mifugo, ambayo huuzwa kwa wepesi katika maduka ya pembejeo na kudungwa mbwa kwa kila tatizo la ngozi, iepukwe kabisa katika kipindi hiki isipokuwa kwa maelekezo ya daktari anayejua kwamba mbwa yuko kwenye vinkristini. Mwili huziondoa dawa hizi mbili kwa njia inayofanana, na baadhi ya mbwa wa jamii ya wachunga kondoo, hasa Collie na wachache miongoni mwa German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayofanya zote mbili ziwe hatari kwao hata kwa dozi ya kawaida. Mbwa wako akionekana kuwa na damu ya mbegu hizo, sema. Sema pia kama anatumia ketokonazoli kwa ajili ya fangasi, kwa sababu huzuia ini kuivunja vinkristini.

Mdomo uangaliwe. Mbwa mzee wa mtaani mara nyingi huwa na meno yaliyooza, na bakteria wa fizi ndio watakaotumia nafasi chembe nyeupe za damu zitakaposhuka. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haina virusi hai, apewe mapema kama daktari anaridhika na hali yake. Chanjo zenye virusi hai zisubiri hadi tiba iishe.

Lipo pia suala la tabia, ambalo miongozo mingi hulipitia kwa sentensi moja. Mbwa aliyeishi kwa kupigwa mawe hajui kushikwa mguu na mtu aliyemwinamia. Tumia siku za kusubiri majibu kumzoeza: mtu yule yule, mahali pale pale, amguse mguu wa mbele, aushike kwa sekunde chache, ampe kipande cha maini, auache. Mzoezee pia kifunga mdomo cha kitambaa kabla hajakihitaji. Mnyama anayetulia mezani hupata sindano salama, na hapa usalama si jambo la adabu tu, kama nitakavyoeleza.

Siku ya sindano

Panga usafiri mapema. Daladala na matatu hazimpakii mbwa, na bodaboda haifai kwa mbwa mzee dhaifu, kwa hiyo tafuta dereva wa bajaji au teksi ambaye mmekubaliana, tandika turubai na shuka kuukuu, na fika asubuhi ili tatizo likitokea kuwe bado mchana. Hakuna haja ya kumshindisha njaa. Mlo mwepesi humsaidia.

Ikiwa wewe ndiye uliyetumwa kuinunua dawa katika duka la dawa za binadamu, jambo ambalo ni la kawaida kwetu, ichukue ikiwa kwenye kijisanduku chenye barafu, iliyofunikwa isipigwe na mwanga, kwa kuwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Usiiweke kwenye dashibodi ya gari. Kichupa kikifika kimevunjika au kimevuja, usikiguse kwa mikono mitupu.

Vinkristini inapaswa kuingia ndani ya mshipa tu. Ikivuja nje ya mshipa huua nyama iliyo karibu, na kidonda chake kinaweza kuchukua wiki nyingi kupona. Kwa hiyo daktari makini huweka kanula mpya, yaani kijimrija cha kupitishia dawa mshipani, tena kwa kuchoma mara moja bila kubahatisha, huijaribu kwa maji ya chumvi, hudunga dawa polepole, kisha huisafisha tena kabla ya kuitoa. Mbwa akijikurupusha katikati ya kazi hiyo, madhara huwa makubwa. Kama wako hatulii, omba apewe dawa nyepesi ya kumtuliza. Ni afadhali mara mia kuliko watu watatu kumkandamiza. Mjamzito au mama anayenyonyesha asiwe ndiye mshikaji.

Kwa siku kumi zinazofuata, uangalie mguu ule kila asubuhi. Ukivimba, ukiwa mwekundu, au mbwa akiulamba bila kukoma, mpigie daktari siku ile ile. Kwa vinkristini iliyovuja hukandwa kwa kitambaa cha vuguvugu, wala si barafu, lakini hiyo ni huduma ya kwanza mkiwa njiani kwenda kliniki.

Wiki iliyo kati ya sindano mbili

Kazi kubwa ya mlezi iko hapa, na si mezani kwa daktari. Siku ya kwanza na ya pili mbwa anaweza kukataa chakula, kutapika kidogo au kulala muda mrefu. Hilo hutarajiwa. Akitapika mara kwa mara hata maji hayakai tumboni, au akiharisha damu, si la kusubiri. Vinkristini pia hupunguza mwendo wa utumbo, hivyo mbwa anaweza kufunga choo; boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala kitunguu, husaidia likichanganywa na chakula, na asipopata choo kwa siku mbili huku tumbo likiwa gumu, apelekwe.

Hatari iliyo kimya huja baadaye, takriban kati ya siku ya nne na ya saba, wakati chembe nyeupe za damu zinaposhuka chini kabisa. Mbwa anaweza kuonekana mzima asubuhi na jioni akawa taabani kwa maambukizi. Ndiyo maana kipimajoto ni kifaa cha lazima katika nyumba yenye mbwa anayepata tiba hii. Kipake vaselini, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, usome. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na kwa hiyo usimpime kwa kiganja cha mkono, maana kila mbwa huonekana ana homa kwa binadamu. Lipime jioni ile ya sindano ili ujue kiwango chake, kisha kila siku katika siku hizo za katikati. Likifika 39.5 au zaidi, hata akiwa bado anakula, hiyo ni dharura ya usiku ule ule. Joto kushuka chini ya kawaida huku mbwa akilegea ni baya vilevile. Usimpe dawa ya homa.

Kabla ya kila sindano damu hupimwa tena. Nyutrofili, ambazo ni askari wa kwanza miongoni mwa chembe nyeupe, zikiwa chini ya takriban 2,000 kwa kila mikrolita, madaktari wengi huahirisha sindano kwa siku kadhaa au wiki. Walezi wengi huvunjika moyo hapo. Kuahirishwa wiki moja hakuiharibu tiba ya TVT. Kinachoiharibu ni kuacha kabisa baada ya sindano mbili kwa sababu damu imekoma kudondoka na uvimbe hauonekani tena kwa nje. Seli zilizobaki huota upya, na safari hii zinaweza kuwa sugu, zikahitaji doksorubisini, ambayo ni ghali zaidi na huweza kuudhuru moyo.

Mbwa mzee anapoanza kuyumba miguu ya nyuma, usidhani moja kwa moja kwamba ni baridi yabisi. Vinkristini inaweza kuathiri neva. Andika siku uliyoiona dalili hiyo na umwambie daktari kabla ya dozi inayofuata. Manyoya hayapukutiki kwa mbwa wengi, ingawa masharubu huweza kudondoka.

Apumzishwe ulinzi. Katika nyumba nyingi mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku alinde, na watu huendelea hivyo hata akiwa mgonjwa. Mgonjwa huyu anahitaji kulala pakavu, juu ya godoro au magunia yaliyoinuliwa kutoka kwenye sakafu, hasa katika baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu na katika mvua za masika. Maelekezo yote yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni, kwa sababu katika nyumba zetu anayemlisha mbwa si lazima awe mwenye mbwa: ni dada wa kazi au mlinzi, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona kwamba bakuli halijaguswa. Mpe namba ya daktari, na mpe ruhusa ya kupiga bila kukusubiri.

Chakula

Hakuna chakula kinachoponya saratani, na anayekuuzia unga wa kuiponya anakuibia. Lengo ni mbwa asikonde. Wali laini na kuku aliyechemshwa na kutolewa mifupa yote, mayai yaliyoiva, samaki asiye na miba, maini kidogo: vyakula hivi vinatosha kwa wiki za tiba, vikigawanywa katika milo midogo mitatu au minne. Vipashe moto kidogo, kwani harufu huamsha hamu. Nyama mbichi, matumbo mabichi na mifupa ya buchani vikatazwe hadi tiba iishe, kwa sababu mwili wenye chembe nyeupe chache hauwezi kupambana na bakteria wake. Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti na makadamia ni sumu kwa mbwa wakati wowote.

Kuhusu ugali nina neno kali zaidi. Ipo desturi ya kumpikia mbwa unga uliovunda, au mahindi yaliyoota ukungu ambayo watu wameyakataa, kwa kudhani kwamba tumbo la mbwa halichagui. Mahindi hayo huweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na sumu hiyo hushambulia ini. Ini la mbwa ndilo linaloivunja vinkristini. Anayemlisha mgonjwa wake unga wa namna hiyo anabomoa usiku kile ambacho daktari anakijenga mchana. Ukimpikia ugali, uwe wa unga ambao wewe mwenyewe ungeula, na uchanganywe na dagaa waliooshwa chumvi au nyama, kwa sababu ugali mtupu hauna protini ya kutosha kwa mbwa anayepona.

Usafi na watu wa nyumbani

Dawa hutoka mwilini kwa kinyesi na mkojo, zaidi katika siku mbili au tatu za mwanzo. Katika siku hizo vaa glavu unapookota kinyesi au kufuta matapishi, kifunge katika mifuko miwili, mwagia maji mengi mahali alipokojoa, na matandiko yake yafuliwe peke yake. Watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha wasishiriki usafi huo. Mbwa akiendelea na dawa ya vidonge kwa saratani nyingine, vidonge visivunjwe wala kusagwa kwenye chakula. Vifichwe vizima ndani ya kipande cha nyama. Katika nyumba za Waislamu ambamo mate ya mbwa ni najisi, vyombo vyake, nguo za kumhudumia na mahali pake mara nyingi hutengwa tangu mwanzo, na utaratibu huo unafaa sana hapa: tayari umefanya nusu ya kile ambacho daktari angekuagiza.

Mbwa wengine wasimlambe. Huyu bado anaambukiza hadi uvimbe utakapoisha, kwa hiyo afungwe mbali nao, na akiwa jike mwenye joto, afungiwe kabisa ndani ya uzio. Kumvisha kola ya plastiki shingoni, hata iliyotengenezwa kwa ndoo ndogo iliyokatwa kitako, humzuia asiupeleke uvimbe puani au mdomoni kwa kujilamba.

Dawa za maumivu

Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo karibu kila kabati la dawa nyumbani linazo, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli huweza kumwangamiza ini. Usimpe hata nusu kidonge. Ziko dawa za maumivu za mbwa, na daktari akiagiza mojawapo, muulize kama inaweza kwenda na zile anazotumia, hasa prednisoloni, kwa kuwa kuzichanganya huleta vidonda vya tumbo. Prednisoloni yenyewe haiachwi ghafla, hupunguzwa taratibu. Akiwa nayo atakunywa maji sana na kukojoa sana, basi usimnyime maji kwa ajili ya kukwepa kufua. Mitishamba kama mwarobaini na mshubiri usiifanye siri: huenda daktari akakuomba uisimamishe, na ni bora ajue kabla ya kuyasoma majibu ya ini.

Kujua kama tiba inafanya kazi

Kwa TVT, damu hupungua mara nyingi baada ya sindano ya kwanza au ya pili, kisha uvimbe husinyaa wiki hadi wiki. Upige picha kwa simu kila siku ya sindano, kwa umbali ule ule, kwa sababu macho yanayouona kila siku hayatambui mabadiliko madogo. Mbwa wazee na wenye uvimbe mkubwa huchelewa kupona kuliko wengine, hivyo usikate tamaa ukifika sindano ya tano na bado pana kinundu. Madaktari wengi huendelea hadi kisionekane chochote, na baadhi yao huongeza sindano moja baada ya hapo. Usiponyauka kabisa baada ya sindano kadhaa, ndipo ubadilishiwe dawa.

Kama saratani ni limfoma, lazima mazungumzo yawe mengine. Kwa mchanganyiko wa dawa kadhaa, wengi wa mbwa hupata nafuu kubwa na huishi takriban mwaka mmoja, lakini kwa kawaida ugonjwa hurudi. Kwa prednisoloni peke yake nafuu hudumu mwezi mmoja au miwili. Kuchagua prednisoloni, chakula kizuri na mapumziko kwa mbwa mzee ambaye fedha au umbali havimruhusu kupata zaidi ni uamuzi wa heshima, mradi uwe umeamuliwa kwa kujua. Andika kila jioni kama amekula, ameinuka mwenyewe, ameenda haja bila kujichafua, na amekuja ulipomwita. Siku za hapana zikizidi za ndiyo katika juma zima, muite daktari nyumbani, wala usisubiri mpaka ashindwe kupumua.

Mbwa aliyepona TVT achunguzwe tena kila mwezi kwa miezi michache, ahasiwe au aondolewe kizazi mara damu yake ikirudi sawa kama hilo halikufanywa wakati wa tiba, na asiachwe kuzurura, kwa sababu kupona hakumhakikishii kwamba hataambukizwa tena. Mbwa wengine wote wa boma, madume kwa majike, wakaguliwe sehemu za siri, pua na mdomo katika wiki ile ile, pamoja na wa jirani wanaopenya chini ya uzio, ikiwa jirani atakubali.